Chumvi Isiyoonjwa

Nimerudi kutoka Wamaza na kifurushi kimoja tu begini, kimefungwa kwa majani mapana yaliyokauka mpaka yakawa na rangi ya kiatu cha zamani. Mwenye pikipiki aliniuliza kama nimebeba jiwe, maana kila tulipoingia kwenye shimo la barabara kilimgonga mgongoni. Nikamwambia ni chumvi. Akacheka, akasema maduka ya Kasongo yamejaa chumvi, ni nani huyo anayebeba chumvi kutoka kijijini kuileta mjini? Nilikuwa nimetoka kumzika mama yangu mkubwa, na tangu mazishi sikuwa na hamu ya kumjibu mtu yeyote jambo lolote.

Na nikuambie ukweli, rafiki yangu: sikulia. Watu walilia mpaka sauti zikawakauka, na mimi niliyelelewa na yule mama nilisimama pale kama mpita njia aliyekuta msiba wa watu. Nilipanga viti, nikachota maji, nikaonyesha wageni mahali pa kulala. Wanawake wa ukoo walinitazama kwa jicho la pembeni, na sikuwalaumu. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii ilikuwa mwili mzima. Nilingoja damu irudi. Nilipofika nyumbani Kasongo mume wangu akanipokea begi, akaniambia pole, nami nikaisikia pole ile kama maneno ya mtu anayemsemesha jirani yake ng'ambo ya ua.

Kifurushi nilikitundika jikoni, juu ya mbabula, jiko letu la makaa, mahali moshi unapopita. Sikujua nikifanyie nini. Lakini kila nikikitazama narudi kwenye mwaka mmoja wa utoto wangu, na huko ndiko ninakotaka kukupeleka.

Mama mkubwa hakujaliwa mtoto. Mama yangu mzazi alikuwa na sisi wengi, basi nilipoanza kung'oka meno ya utoto akanikabidhi kwa dada yake, kama wafanyavyo watu wa kwetu, bila maneno mengi. Nyumba ilikuwa upande wa Wamaza, karibu na kinamasi. Baba mkubwa, yaani mume wake, alikuwa mtu mrefu ambaye alianza kucheka kabla ya kumaliza hadithi yake mwenyewe, kwa hiyo mimi nimekua nikijua mianzo ya hadithi nyingi na miisho michache sana. Alilima mpunga, alitega samaki, na alikuwa na shoka ambalo alilinoa kila asubuhi hata siku asizokuwa na mti wa kukata. Mama mkubwa yeye alipika chumvi.

Siku hizi nikisema kupika chumvi wanafunzi wangu wanadhani nawatania. Kiangazi kilipoingia tulikwenda kinamasini kukata majani ya majini, yale yenye mashina yaliyojaa utomvu, tukayaanika mpaka yakawa yanavunjika mkononi. Tukayachoma juu ya udongo uliofagiwa vizuri, siku isiyo na upepo. Majivu yalikuwa meupe, laini kuliko unga, na mama mkubwa aliyazoa kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga. Yaliingia kwenye kikapu kirefu chenye ncha chini, kilichotandikwa majani, kikaning'inizwa juu ya chungu. Kisha maji, kidogo kidogo. Yalidondoka ya rangi ya chai, na mlio wa yale matone ndiyo saa ya utoto wangu. Nilitwanga mpunga nikiusikia, nilisoma masomo yangu nikiusikia.

Chungu kikajaa, kikawekwa motoni kuchemka tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kuegemea. Hapo mama mkubwa alipunguza kuni, na kuanzia wakati huo ilikuwa marufuku kukoroga, marufuku kutikisa, marufuku hata kupita karibu unakimbia. Mimi nilikaa kufukuza kuku. Ukitazama kwa subira ungeona utando mwembamba juu, halafu pembeni mwa chungu kitu kama mchanga, kinachong'aa kidogo. Muda mfupi uliopita hakikuwepo. Nilitazama mara nyingi sana nikitaka kukamata ile nafasi kati ya maji na chembe, na mara zote nilipepesa macho ikanipita.

Sasa sikiliza desturi yenyewe, maana kila kitu kinasimama juu yake. Mpika chumvi haonji chumvi yake. Walisema kinywa kilichoshinda kwenye mvuke tangu asubuhi hakiwezi kusema kweli. Anayeonja ni mume wake. Anachukua chembe kidogo kwa kidole, anaitia ulimini, watu wa nyumba wanangoja, na akiridhika anasema neno moja: imekolea. Hapo ndipo chumvi inafungwa majanini na kutundikwa juu ya meko ikauke, na hapo ndipo inakuwa chakula cha watu. Isipoonjwa haitolewi, haibadilishwi kwa samaki, hailiwi hata na wenyewe. Mume akiwa safarini, chumvi inamngoja. Mume akiwa amekufa, mtoto wa nyumba ndiye anayeonja. Ndiyo maana kwetu hukuwa na haja ya kuuliza kama mwanamke mpika chumvi ni mjane. Ulitazama tu nani anaonja.

Baba mkubwa aliondoka wakati chungu kiko motoni. Mpunga ulikuwa haukuzaa vizuri mwaka ule na vijana walikuwa wakirudi kutoka Lusangi, kwenye mashimo ya madini, na redio mpya mabegani. Alisema anakwenda kwa muda mfupi. Mama mkubwa alimwambia angoje basi chumvi iive, aionje, ndipo aende. Baiskeli ya mwenzake ilikuwa imekwisha kusimama mlangoni, kengele inalia. Akachungulia chunguni, akacheka lile cheko lake la kutangulia, akasema, "Nitaionja nikirudi."

Chumvi ile ikatoka nzuri, chembe nene. Mama mkubwa akaifunga bila kuonjwa, akaitundika pembeni, mbali na nyingine.

Mvua zilikuwa zimeshaanza habari ilipofika. Shimo liliporomoka huko Lusangi, watu walifukiwa, udongo ulikuwa mzito na maji yakaingia, wenzao wakashindwa kuwatoa. Mwenzake wa baiskeli alirudi peke yake, na kofia ya baba mkubwa mkononi. Hakumwona akiingia shimoni siku ile. Wala hakumwona tena baadaye. Ndugu za baba mkubwa walikuja wakakaa uani wakitazama chini, na mkubwa wao akasema ni vizuri kilio kianze. Mama mkubwa akawapa viti, akawapikia wali, akaipokea kofia na kuiweka kwenye kigingi chake cha siku zote. Walipomuuliza mara ya pili akasema, "Kofia imerudi. Mwenyewe bado. Mungojee."

Basi wakangoja. Ungefanyaje? Kilio cha mume hakianzi pasipo mke wake. Ndugu walibaki na maiti isiyoonekana na machozi yasiyo na mahali pa kumwagikia, na waliteseka, sasa naliona hilo. Kijijini kila mtu alijua amekufa. Walijua kisimani, walijua kanisani na msikitini, na wote wakajifunza kusema kwa uangalifu. Hakuna aliyesema marehemu mbele yake. Walisema mwenye nyumba, walisema baba yenu, wakameza lililobaki.

Na yeye akaendelea kupika. Hilo ndilo lililowashinda watu. Kiangazi kilichofuata tulikata majani kama kawaida, tukachoma, tukachuja, tukachemsha. Chembe zikaja. Nani ataonja? Hakuna. Vifurushi vikapanda kwenye uchaga juu ya meko, kimoja baada ya kingine, vikajibana, vikawa vyeusi kwa moshi, vigumu kama mawe. Tulikuwa na chumvi kuliko nyumba yoyote ya Wamaza, na tulikula sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, bila chumvi. Ile iliyoonjwa zamani ilikwisha. Wanawake waliokuja na samaki wao kubadilisha walitazama uchaga ule uliojaa, wakaulizia habari za afya, wakarudi na samaki wao.

Kula bila chumvi ni jambo la ajabu. Siku za kwanza unachukia. Baadaye huchukii tena, unatafuna tu. Ulimi unaacha kungoja kitu. Mama mkubwa hakulia mwaka ule, hakupandisha sauti, hakunigombeza hata nilipovunja kibuyu. Alifagia, alipalilia, alinisuka nywele. Usingesema ana huzuni. Alikuwa mtulivu na angavu kama maji ya mtungini, na mimi nilitamani anigombeze.

Mwaka huohuo, shuleni, mwalimu wetu alituletea kipande cha shabu, ile ambayo watu wanatia kwenye maji ya kisima ili uchafu ushuke. Aliisaga, akaiyeyusha katika maji ya moto, akaongeza, akaongeza tena, mpaka maji yakakataa kupokea zaidi. Akayachuja kwa kitambaa ndani ya glasi na kuyaacha yapoe, amefunika. Tulipotazama tuliona maji matupu. Alituambia hayo siyo matupu, ni maji yaliyoshiba kupita kiasi. Yamebeba mzigo ambao hayauwezi tena, ila hayajapata pa kuutua. Kisha akachukua chembe moja ndogo ya shabu, ndogo kuliko punje ya mtama, akaidondosha. Mbele ya macho yetu glasi ikaanza kujaa vipande vyenye pembe, vinang'aa, vimejipanga kama mtu amevichonga, na vyote vilianza kwenye ile chembe moja. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema shabu ni shabu, chumvi ni chumvi, niende nikachote maji.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Chungu kilikuwa motoni, kuni zimeshapunguzwa, mimi nafukuza kuku. Jirani yetu wa upande wa juu, mtu mwema asiyejua fitina, alikuja ana jasho, kichwa chake kimejaa mambo yake. Mti ulikuwa umemwangukia kwenye kibanda cha mbuzi. Akabisha hodi na hapohapo akasema, "Mama, shoka ya marehemu iko? Niko na mti moja ya kupasua."

Aliposikia alichokisema, uso ulimbadilika. Mimi nikamtazama kuku. Mwaka mzima na zaidi watu wote walikuwa wameliruka lile neno kama dimbwi la njiani, na yeye, kwa ajili ya mbuzi, amelikanyaga katikati.

Mama mkubwa aliinuka, akaingia ndani, akatoka na shoka. Akapitisha kidole kwenye makali, yalikuwa yameshika kutu. "Iko," akamwambia. "Lakini mupini yake inalegea. Uiloweke kwanza mu maji."

Jirani akapokea kwa mikono miwili, akaenda bila kuaga. Mama mkubwa akarudi kwenye kigoda chake mbele ya chungu. Akakaa. Nilidhani atanituma jambo fulani. Alitazama maji yale kwa muda mrefu, na pembeni mwa chungu chembe zilikuwa zimeanza kutoka, wala sikuwa nimeziona zikija. Ndipo akaniita, bila kugeuza kichwa.

"Mutoto, kuya hapa. Onja."

Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Nilijua ninaitiwa nini. Nilichukua chembe pembeni mwa chungu kwa ncha ya kidole, ikaniunguza, nikaitia ulimini. Ilikuwa kali, na nyuma ya ukali kuna uchungu wa majivu, ladha ya nyumba yetu ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikasema neno ambalo nilimsikia baba mkubwa akilisema maisha yangu yote.

"Imekolea."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa hesabu na kuiona ni sawa. "Basi," akasema. "Amekufa."

Sauti iliyofuata sitakuelezea. Wanawake walikuja wakikimbia kutoka mashambani na majembe mikononi. Kilio kikaanza jioni ile, ndugu wakapata mahali pa kulilia, na siku zilizofuata nilionja kifurushi baada ya kifurushi mpaka ulimi ukavimba, na chumvi ikatoka ikaenda kwa watu. Kimoja tu hakunipa. Kile cha pembeni, cha chumvi ambayo baba mkubwa aliichungulia chunguni akacheka. Nilipokinyooshea mkono akasema, "Hiyo uiache." Nikakiacha. Miaka ikapita, nikaja kusoma Kasongo, nikaolewa hukohuko, na nikakisahau.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha somo lile la glasi na shabu. Neno la ubaoni ni la Kifaransa, kristalizasio. Vitabu vya Kiswahili vinaita chembe zenyewe fuwele. Nawaeleza watoto kwamba kitu kilichoyeyuka hakijapotea, kimetawanyika tu majini kiasi kwamba hukioni, na kikipata utulivu na pa kuanzia kinarudi na umbo lake. Hayo wanayaandika. Lisiloandikwa ni kwamba mtu naye ni hivyohivyo. Unaweza kulijua jambo tangu siku ya kwanza, likawa limeyeyuka ndani yako kote, kwenye mikono inayofagia na kwenye miguu inayokwenda kisimani, na bado hujalijua. Wakubwa wanakuja na sababu zao nzito, wanakuletea hata kofia, na maji yanabaki angavu. Halafu anakuja mtu ana haraka ya mbuzi wake. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza maji yanajuaje kwamba wakati umefika. Nikamwambia hayajui.

Kule Wamaza hakuna tena anayepika. Nilipokwenda mazishini nilipita kinamasini, nikakuta wamelima mpunga mpaka ukingoni. Majani yapo kidogo, kando, hayana kazi. Kikapu chenye ncha nilikiulizia, msichana mmoja akanijibu alidhani ni mtego wa samaki. Chumvi inaletwa na pikipiki, nyeupe, katika vifuko vya plastiki, na haihitaji mtu wa kuionja. Mlio wa matone nao umekwisha, na sina namna ya kukusikilizisha. Nilipoingia ndani kukusanya vyombo vya marehemu nikatazama juu, na pale kwenye uchaga mtupu kilikuwepo kimoja, cheusi, pembeni. Maisha yote yale. Alikuwa amemwombolezea mume wake, amevaa nguo za ujane na kuzivua, amezeeka, na juu ya kichwa chake alikuwa ametundika ahadi ya mumewe ya kurudi kuionja. Nilikishika nikangoja nihisi jambo. Nikakitia begini.

Jumapili iliyopita chumvi ya dukani iliisha. Sombe ilikuwa motoni na mawese yameshaingia, mume wangu bado hajatoka kanisani, na sikuwa na nguvu ya kwenda mpaka dukani. Nikatazama kile kifurushi. Ningekuwa mzima ningeogopa. Nilikishusha, nikafungua majani, nikakwangua kwa kisu kidogo kidogo maana kilikuwa mwamba, nikatia sufuriani. Sikuonja. Siku zile sikuonja chochote, nilikuwa natafuna tu.

Mume wangu akaja, akanawa, akaketi. Yeye ni mtu wa Kasongo, kwao hawakupika chumvi, na sikuwahi kumsimulia hata nusu ya haya niliyokusimulia wewe. Akafinyanga bukari, ugali wetu, akachovya, akatafuna. Akaacha kutafuna kidogo, akachovya tena.

"Sombe ya leo imekolea," akasema, akaendelea kula.

Niliweka tonge langu sahanini. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga kengele ya baiskeli bila sababu. Nikasikia sauti inasema, "Basi. Amekufa," na ilikuwa sauti yangu, katika Kiswahili cha nyumba ile ya Wamaza. Mume wangu akainua uso, akanitazama kama mtu anayeambiwa habari ya zamani. Kisha akaelewa kwamba ninamsema mama mkubwa, akasogeza sahani kando, na mimi nikalia.